Kitufe Kilichompigia Muuza Matairi

Wavinya alikuwa akichuja asali nyuma ya nyumba yao, Ikutha. Mumewe, Mulinge, alikuwa akipanguza chupa. Wateja wao waliagiza kupitia tovuti. Unabonyeza kitufe cha "Agiza", simu ya Wavinya inalia.

Lakini tangu simu yake ipotee, akanunua nyingine yenye namba mpya, wateja wa zamani walinyamaza. Stoo ilijaa asali. Wavinya aliogopa kwamba wamemhama.

Asubuhi hiyo Kasiva, mteja wao wa Mutomo, alifika mwenyewe.

"Kumbe bado mnauza?" alisema. "Nimebonyeza kitufe chenu, nikapata mtu wa matairi. Ananiuliza gari yangu ni aina gani."

Mulinge alicheka mpaka akaweka chupa chini. Wavinya hakucheka. Alikuwa ameandika namba mpya kwa mkono wake, ndani ya plagini ya maagizo, ile programu ndogo iliyoongezwa kwenye tovuti. Kwa simu yake, kitufe kilionyesha namba mpya. Akachukua simu ya Mulinge, akabonyeza.

"Ni nyinyi tena watu wa asali?" muuza matairi akajibu. "Hii namba kampuni ya simu ilishaniuzia mimi."

Wakamwita jirani yao Safa, anayetengeneza tovuti pale sokoni. Akaangalia polepole.

"Mama Nzisa," akamwambia Wavinya, "namba uliandika sawa. Lakini hii faili inayoendesha kitufe, hii skripti, toleo lake ni lipi?"

"Ni la kwanza, kama zamani. Si nilibadilisha ndani?"

"Simu haichunguzi ndani. Inaangalia jina na toleo. Ikiona ni vile vile, inasema hii ninayo, inatumia ile iliyojiwekea zamani. Mgeni anapata mpya. Mteja wako wa zamani ndiye anabaki na ya zamani."

Wavinya alitazama chupa zake. Mwaka jana Kasiva alikataa asali mpya kwa sababu lebo ilifanana na ya chupa iliyokuwa kwake nyumbani, akasema hiyo tayari anayo. Tangu hapo Wavinya huandika msimu juu ya kifuniko.

"Basi hata faili inataka msimu wake kwa kifuniko," alisema.

"Hapo umeshika. Kila ukigusa skripti, badilisha na toleo. Halafu, mbona umeiita kwa kila ukurasa? Iite kwa ukurasa wa kuagiza tu. Anayesoma habari za nyuki unambebesha mzigo wa nini, na mtandao wetu huu?"

Wavinya aliandika toleo la pili mwenyewe. Akaiacha skripti kwa ukurasa wa kuagiza peke yake. Mulinge akafungua tovuti tena, ikaja upesi. Akabonyeza. Simu ikalia ndani ya aproni ya Wavinya.

"Hallo, hapa ni kwa asali."

"Mimi nataka tairi," Mulinge akasema.

Sasa hata Wavinya alicheka.

Wateja wa zamani walirudi mmoja mmoja, stoo ikaanza kupungua. Siku moja simu ililia, na Wavinya akaitambua sauti kabla mtu hajajitaja.

"Watu wenu wameacha kunipigia," alisema muuza matairi. "Na walikuwa wameshanitia hamu, ndiyo nikabonyeza kitufe chenu mwenyewe. Nibakishie chupa mbili."