Ngazi Mbili za Birika

Haya yalimkuta rafiki yangu Casilda, kwenye ngome ya Waarabu wa kale pale mjini Mérida. Ndani yake, ngazi mbili zilizojengwa kwa mawe yaliyoachwa na Warumi hushuka hadi kwenye birika moja, tangi la maji chini ya ardhi.

"Wewe shika ile, mimi hii. Tukutane majini," alisema mdogo wake Amparo, akibangua mbegu za alizeti.

Chini kulikuwa giza totoro. Casilda alisikia mbegu zikibanguliwa karibu yake, ka, ka. Mkono wa baridi ukamshika.

"Unatetemeka, mwoga we!" Casilda akacheka, akauachia mkono ule ili apande.

Juu, Amparo alikuwa ameketi juani.

"Nishuke humo, nina wazimu? Nilikuzuga tu, dada!"

"Si uliniahidi, Amparo?"

Toka chini ikasikika mbegu ikibanguliwa, ka, kisha sauti ya Amparo ikilia: "Dada, mbona umeniacha?"