Tundu Moja la Nyuma

Jioni ile nilikuwa nimebakiza kufagia tu.

Studio yetu ya picha ni chumba kimoja: pazia la buluu ukutani, kiti cha mteja, taa za miguu mirefu, na kompyuta kubwa yenye picha zote tunazopiga. Mlangoni iko nyingine, kuukuu, isiyounganishwa na chochote zaidi ya printa yake ndogo. Mteja akija na flashi yake, inaingia huko. Kompyuta kubwa haiguswi. Ndiyo sheria ya bosi.

"Flashi ya mtu ni kama mswaki wa mtu," husema. "Hujui umepita vinywa vingapi."

Na hakuishia kusema. Kirusi kilipomlia picha za harusi nzima, aliyaziba kwa gundi matundu yote ya kompyuta kubwa yasiyo na kazi.

Niseme kweli, Mungu ananiona. Tundu moja la nyuma nililibandua gundi mimi mwenyewe, kwa pini ya nywele, ili nichaji simu yangu. Bosi hakujua. Hakuna aliyejua.

Mchana wa siku hiyo nilimpiga picha Kibibi, binti wa mdogo wangu, ya kitambulisho cha shule.

"Mama mkubwa, nicheke au nisicheke?"

"Usicheke. Shule hawataki meno."

Akatoa ulimi. Tukarudia, tukacheka, tukarudia tena hadi ikatoka moja ya kueleweka. Kisha akaenda kwao.

Sasa nilikuwa na ufagio mkononi, na sala ya jioni inakaribia. Nikasikia harufu. Kama waya unaoungua... na chini yake, udongo mbichi.

Nikainua kichwa. Mlangoni amesimama mwanamume, shati jeupe, vifungo hadi shingoni. Sikusikia hatua zake.

"Picha moja tu, dada."

"Nimeshafunga, kaka yangu. Njoo kesho."

"Moja tu."

Akaninyooshea flashi. Nikaguna. Kompyuta ya mlangoni nilikwisha kuizima, na ile huamka kwa kujivuta kama mgonjwa. Hata hivyo nikapeleka kidole niiwashe.

"Ya nini kusumbuka?" akanong'ona. "Si lile la nyuma liko wazi?"

Kidole kikaganda.

Mgongo wa kompyuta kubwa umetazama ukuta. Hata mimi, nikitaka kuliona tundu lile, lazima niinamie meza. Yeye alikuwa bado yuko kizingitini.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Mimi niliona aibu. Nilichowaza ni kwamba huyu ataniumbua kwa bosi. Nikaipokea flashi. Ilikuwa ya baridi, baridi ya kuuma vidole. Nikainamia meza, nikapapasa nyuma, nikaichomeka.

Sikugusa kipanya. Picha ikafunguka yenyewe.

Pazia letu la buluu. Kiti chetu. Kitupu.

"Mbona hamna mtu?" nikauliza.

"Bado hajapatikana."

Printa ya kompyuta kubwa ikaanza. Grrr... grrr... Sikuwa nimeiamuru. Karatasi ikatoka taratibu. Nywele. Paji la uso. Macho...

Kibibi.

Nilimpiga akitazama kamera. Hapa alitazama pembeni, kule kule aliposimama yule mtu. Na mdomo wake ulikuwa wazi, kama anayeita.

Nikaikamata karatasi. Vidole vyangu vikafumba hewa. Nilipogeuka, mlango ulikuwa mtupu. Nikapapasa nyuma ya kompyuta. Flashi haikuwepo. Nikaitafuta picha ya Kibibi niliyopiga mchana, nikaifungua.

Pazia. Kiti.

Basi.

Sikufunga studio. Nilikimbia hadi kwa mdogo wangu, kandambili moja ikabaki njiani. Nikamkuta anakunja nguo, anaimba.

"Kibibi yuko wapi?"

"Kibibi yupi?" akacheka. "Dada, unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

"Mtoto wako! Mwanao yuko wapi?"

Kicheko kikakatika. Akaiweka chini nguo aliyoishika. Ilikuwa yake. Zote zilikuwa zake.

"Dada," akasema polepole, "wewe ndiye uliyenishika mkono kila nilipotoka hospitali mikono mitupu. Mzaha huo wangenifanyia wengine. Siyo wewe."

Nikamsukuma, nikaingia chumbani. Kitanda cha Kibibi hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ndoo ya maji, na sakafu chini yake ilikuwa na duara la kutu, kama imekaa hapo miaka.

Kesho yake nilimweleza bosi yote, pamoja na habari ya gundi. Hakunigombeza. Akamwita fundi. Fundi akapima, akatikisa kichwa.

"Kirusi kimepita, kweli. Viko vya kuficha mafaili. Lakini hili ni zima, dada, halijaguswa. Ulipiga kiti."

"Nilimpiga mtoto wa mdogo wangu."

Bosi akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Mdogo wako ana mtoto?"

Shuleni hawamjui. Majirani, waliozoea kumfukuza kwenye mapera yao, hawamjui. Mdogo wangu hapokei simu zangu tena. Nimefunga, nimekesha kanisani, mchungaji ameniwekea mikono kichwani na kumwomba Bwana aniondolee mawazo ya mtoto. Niliitika amina kabla sijaelewa anaomba nini.

Jana nilipiga magoti nimwombee, kama kila siku. Nikafumba macho. Kibibi tulimwita sisi nyumbani. Mbele za Mungu huwa namtaja kwa jina lake halisi, lile alilobatiziwa nikiwa nimempakata.

Nikafungua mdomo.

Nikangoja.

Magoti yakafa ganzi, na jina halikuja.