Neno Alilosingiziwa Fundi Amissi

Siku Hidaya alipokutana na Amissi, soko la Gitega lilikuwa limefurika watu, na pindo la gauni lake lilikuwa limenaswa kwenye cheni ya pikipiki.

Alikuwa amepakiwa nyuma, amekaa upande, gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa limembana kiunoni na kuachia chini kama ua. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa siku tatu. Dereva aliposimama mbele ya maduka ya vitambaa, Hidaya akataka kushuka, akashindwa. Watu wakajaa. Mmoja akasema liletwe kisu, mwingine akasema mkasi.

"Musikate!" akasema kijana mmoja mrefu, ovaroli lake limelowa grisi, akitoka kwenye kibanda cha mafundi. "Nguo ilivyoingia ndivyo itakavyotoka."

Akapiga magoti, akaanza kurudisha gurudumu nyuma, jino kwa jino, huku akishika kitambaa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto.

"Fundi, fanya haraka, mi naona haya," Hidaya akamwambia.

"Bon, hiyo haya itavumilia kidogo, dada. Kitambaa hakivumilii."

"Na grisi je? Itatoka?"

"Itatoka na mafuta ya taa na sabuni. Ikikataa, kibanda changu ni hiki. Nirudishie gauni nilifue mwenyewe."

Watu wakacheka. Hidaya naye akacheka, akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Gauni lilitoka zima. Grisi ilitoka pia siku ya pili yake, lakini alirudi kibandani akidai kwamba imekataa.

Amissi alikuwa mtu wa Uvira, Kongo. Vita vilimvusha mpaka akiwa na begi moja na spana saba, na miaka minne baadaye hapakuwa na mwenye gari wala pikipiki pale Gitega asiyemjua. Alikuwa na desturi ya kuinamisha kichwa na kusikiliza injini macho yamefumba, kisha anasema neno moja tu: nzima, au mbovu. Watu walinunua na kuacha kununua kwa neno hilo.

Wakapendana, na kila jioni alimpigia Hidaya simu.

"Sheri, mpenzi, umefunga cherehani?"

"Deja, nimeshafunga. We umenawa mikono?"

"Mara tatu. Iko bado nyeusi."

"Basi utakuja kuuomba mkono wangu na hiyo mikono?"

"Nitavaa glavu siku ya posa."

Hidaya alikuwa akilala na kicheko hicho kifuani.

Nyumbani kwao walikuwa watatu: yeye, mama yake Kulthumu aliyekuwa mjane, na mdogo wake Chabani, kijana wa miaka ishirini na miwili. Chabani alibeba abiria kwa pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni aliirudisha kwa mwenyewe kama mtumwa anayerudisha jembe. Hidaya alikata shauri kumnunulia ya kwake. Mama Kulthumu akauza ng'ombe wake pekee aliyefugwa kijijini Buraza ili kuongezea, ingawa roho ilimuuma.

Ikapatikana pikipiki moja Giheta. Nyekundu, inang'aa, matairi mapya. Jumapili Hidaya akaenda kuitazama pamoja na Amissi. Muuzaji aliiwasha, nayo ikanguruma vizuri. Amissi akachutama mbele, akapitisha kidole chini ya tangi, pale fremu inapoungana na usukani, kisha akakwangua rangi kwa ukucha.

"Hida, njoo," akasema kwa sauti ya chini. "Unaona huu mstari? Hapa shingo ilikatika. Wameichomelea, wakapaka rangi juu. Hii pikipiki ilishaanguka vibaya."

"Lakini si inatembea?"

"Inatembea. Siku moja kwenye mteremko, iko na mzigo, itakatika."

"Hata ukiitia chuma?"

"Shingo ni shingo, sheri. Ngoja miezi mitatu. Iko moja mtaa wa Magarama, naihudumia mwenyewe tangu mpya, najua kila nati yake. Mwenyewe atauza."

Hidaya akaitikia. Kesho yake Amissi alipanda basi kwenda Uvira, baba yake alikuwa hoi.

Lau Chabani asingegombana na mwenye pikipiki wiki ile, labda Hidaya angengoja. Lakini Chabani alirudi nyumbani ametupa ufunguo wa watu, akaanza kukunja nguo zake. "Mi naenda Tanzania," akasema. "Hapa nitazeeka nikiwa kuli." Mama Kulthumu akalia usiku na mchana. Na yule wa Giheta akapiga simu: iko mteja mwingine, anakuja Jumanne. Hidaya akajisemea kwamba mafundi wote huona ubovu kwenye kitu cha mwenzao. Akajisemea kwamba Chabani angeiendesha miezi mitatu tu, kisha wangeiuza. Jumanne asubuhi alikuwa Giheta kabla ya huyo mteja.

Ilipofika uani, Chabani aliruka kama mtoto. Mama Kulthumu aliizunguka mara mbili, akauliza swali moja tu.

"Fundi Amissi ameiona?"

"Ameiona, mama."

"Kasema nini?"

"Kasema ni nzima."

Usiku Amissi akapiga simu kutoka Uvira, sauti yake inakatikakatika.

"Hida, ile ya Giheta uliiacha?"

"Niliiacha."

"Vizuri, mke wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Hidaya alikaa na simu mkononi muda mrefu, na badala ya furaha akasikia baridi.

Siku ya kumi na moja, Chabani alikuwa akiteremka mlima wa Itaba, amepakia magunia mawili ya maharage. Tairi la mbele likaingia kwenye shimo dogo ambalo hata baiskeli ingelivuka. Shingo ikakatika. Usukani ukabaki mikononi mwake, pikipiki ikaenda njia yake, na mguu wake wa kushoto ukabaki chini ya chuma. Hospitalini madaktari walijitahidi siku mbili. Ya tatu wakaukata chini ya goti.

Majirani waliileta ile fremu nyumbani. Kila mtu aliona: nusu ya mkato ilikuwa mpya, nusu ilikuwa na kutu ya zamani. "Yoo, fundi gani asiyeona hii?" wakaulizana. "Kwani aliyeipitisha ni nani?" Na jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Mama Kulthumu.

Amissi alishuka kwenye basi akiwa ametoka kumzika baba yake, akasikia habari, akaja moja kwa moja hospitalini na mfuko wa machungwa. Hidaya alimwona mlangoni, shati jeupe limejaa vumbi la safari. Kabla hajafungua mdomo, mama yake alishasimama.

"We mtu, una uso wa kuja hapa? Ulisema ni nzima! Nimeuza ng'ombe wangu kwa neno lako! Tazama mwanangu! Tazama!"

Amissi alimtazama Chabani, akautazama mguu uliofungwa, kisha akageuza macho taratibu mpaka yakamfikia Hidaya. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja.

Hidaya akatazama sakafu.

Akasikia mfuko wa machungwa ukiwekwa chini. "Munisamehe, mama," Amissi akasema, akaondoka.

Usiku ule simu ililia.

"Hida, uliniambia uliiacha."

"Amissi, nakuomba, ngoja kidogo. Mama atakufa kwa presha. Chabani akijua..."

"Mi siwezi kukusema mbele ya mama yako. Utasema wewe mwenyewe. Nangoja."

"Nitasema. Wallahi nitasema."

Hakusema. Kila asubuhi aliamka na maneno ulimini, na kila asubuhi alimkuta mama yake anaosha kidonda cha Chabani, akayameza. Wateja wakaacha kibanda cha Amissi mmoja baada ya mwingine. Mtu mmoja akaitupa ile fremu iliyovunjika mbele ya mlango wake, hapo palipopita kila mtu. Watu waliokuwa wakimwita fundi wakaanza kumwita yule Mkongomani. Wiki ya tatu kibanda kikafungwa, ikasemekana amekwenda Muyinga. Hidaya akapiga simu mara arobaini. Haikupatikana.

Alikonda. Alishona mikono ya nguo kinyume, akafumua, akashona kinyume tena. Wateja walimpa pole ya mdogo wake, na kila pole ilimchoma. Kuna siku alisimama juu ya daraja la barabara ya Giheta akiyatazama maji mpaka mama mmoja mwenye kikapu akamshika bega, akamuuliza kama anaumwa. Alijibu ndiyo, akarudi nyumbani.

Mwezi wa pili ukaisha. Jioni moja Hidaya alikuwa anapiga pasi, Chabani amelala kwenye mkeka, magongo pembeni. Mama Kulthumu akaingia kutoka kwa jirani, uso umechangamka kwa mara ya kwanza.

"Nimempata," akasema. "Yuko kwa Mustafa, mwenye gereji ya Muyinga. Nimemtumia salamu Mustafa: huyo mtu asiguse gari la watu. Atatimuliwa leo kesho. Aende akaoze kwao."

Hidaya akaiweka pasi chini. Sauti ilitoka nzima.

"Mama, Amissi hakusema ni nzima. Alisema itakatika. Alinionyesha mahali penyewe kwa kidole. Ni mimi niliyekudanganya."

Mama Kulthumu alikaa chini. Alimtazama binti yake kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Chabani ndiye aliyesema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nipande."

"Nilidhani miezi mitatu tu, Chabani. Ulikuwa unataka kuondoka, mi..."

"Toka mbele yangu."

Akageukia ukutani. Hidaya alikaa nje kizingitini mpaka adhana ya alfajiri. Hapo akasikia magongo. Chabani alisimama nyuma yake, hakumkaribia.

"Nenda Muyinga," akasema. "Mi sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini yule mtu hana kosa."

Hidaya alipanda gari la kwanza la njia ya Karusi. Muyinga alifika adhuhuri. Gereji ya Mustafa ilikuwa kando ya barabara ya Kobero, malori ya mizigo yamepangwa, madereva wamekaa kivulini wakila. Akaangaza macho kwenye injini zilizofunguliwa, hakumwona. Alimwona pembeni, amechutama na ndoo na brashi, anaosha matairi ya lori. Fundi aliyesikiliza injini kwa macho yaliyofumba alikuwa sasa anaosha matope.

Hakwenda kwake. Alikwenda kwa mzee aliyevaa kofia na miwani.

"Asalaam alaykum, mzee Mustafa. Mi ni Hidaya, binti wa Kulthumu wa Gitega. Mama alikutumia salamu."

"Alaykum salaam. Salamu ilifika. Ndiyo maana unamwona pale na ndoo."

"Ile salamu ni ya uongo, mzee." Akapaza sauti ili madereva wote wasikie. "Fundi huyu aliiona pikipiki mbele yangu, akanikataza kuinunua. Mi nikainunua. Mama alipouliza, nikasema fundi kaipitisha. Mguu wa mdogo wangu ni mi niliyeukata. Na jina la mtu huyu ni mi niliyelivunja. Mukipita Gitega, semeni hivyo hivyo."

Dereva mmoja akatema mate pembeni. Mzee Mustafa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Amissi," akaita. "Acha ndoo. Chukua spana, ile injini ya nyuma inakungoja."

Amissi akasimama, akachukua spana, akapita mbele ya Hidaya bila kumtazama. Hidaya akangoja juani. Yakapita masaa mawili, kisha matatu. Hatimaye akaja, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Sikukuomba uje."

"Najua."

"Uvira nilipoteza nyumba. Hapa nimepoteza kibanda. Hayo mtu huzoea, Hida. Lakini siku ile nilikutazama, nikasema sasa hivi atasema. Nilikuwa nimemzika baba jana yake, nilikuwa na wewe tu."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Siku ya kwanza nilikusamehe. Ya pili pia. Ikifika miezi miwili, msamaha nao unachoka."

Hidaya alilia pale pale, mbele ya malori. "Niambie nifanye nini, Amissi. Lolote."

"Panda gari urudi. Chabani anahitaji mtu wa kumshika."

Akarudi kwenye injini yake.

Hidaya alipanda gari la jioni kama mtu anayepanda jeneza. Vilima vilipita, migomba, mikahawa, watoto wenye madumu ya maji, naye hakuona hata kimoja. Karusi gari lilisimama kupakia ndizi. Simu ikalia. Namba haikuwa na jina.

"Umefika wapi?"

Aliijua sauti ya Amissi. "Karusi."

"Umekula?"

"Bado."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu jana."

Akasikia nyundo zikigonga nyuma ya sauti yake, na mtu akimwita fundi.

"Nitakuja Gitega Ijumaa, baada ya sala," Amissi akasema. "Siji kwako. Nitaanza na Chabani, aniambie yote aliyo nayo moyoni. Kisha mama. We utakuwa wa mwisho."

"Hata wa mwisho, Amissi. Mradi uje."

"Na sina la kukuahidi."

"Sikuombi."

"Kula, Hida," akasema, akakata.

Alifika nyumbani giza limeanza kuingia. Mama Kulthumu alikuwa jikoni anachambua mchele, na tangu jana alikuwa hajamsemesha. Hidaya akasimama mlangoni.

"Mama, Amissi anakuja Ijumaa. Anakuja kumwona Chabani, halafu wewe."

Mama Kulthumu aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine. Kutoka chumbani gongo la Chabani lilisikika likigusa sakafu, kisha likatulia, kana kwamba naye anasikiliza.

"Nilimtukana mbele ya watu," akasema mama mwishowe, sauti nyembamba. "Kumbe alikuwa katoka kuzika."

Akaupeta mchele mara moja, akauweka ungo chini.

"Mtu wa Uvira hatumpi maharage. Alhamisi uwahi sokoni, utafute ndagala, wale dagaa wa kwao."