Mkanda wa Shaba na Jumatatu ya Pasaka

Stesheni ya Keleti, Budapest, Ijumaa jioni haina mwenyewe. Kila mtu anasukuma, na atakayekanyagwa ni shauri lake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Vendel, kijana mrefu mwenye buti za matope, amekumbatia kreti ya mbao kama mzazi wa mara ya kwanza. Tiketi ilimponyoka. Akamgeukia msichana aliyekuwa karibu: koti la kijani, skafu ya njano, nywele zimebanwa kwa penseli.

"Dada, samahani, nishikie hii. Usiiinamishe, kuna mwanamke ndani."

Msichana hakushtuka. "Mzima?"

"Hereni zake na shanga. Mwenyewe yuko kwa wataalamu wa mifupa."

"Shanga zenye umbo la mbegu za tikiti?"

Vendel akaisahau tiketi. "Umejuaje?"

"Waavari, wale wapanda farasi wa kale, walizipenda. Na Jumatatu zitakuja mezani kwangu. Matope yenu yote nayasafisha mimi, pale makumbusho. Naitwa Emőke. Halafu, kaka, hii huletwa kwa gari, si kwa treni."

"Gari limeharibika."

"Kila mwaka linaharibika."

Ndivyo walivyoanza. Vendel alichimba makaburi ya kale huko uwandani karibu na Szolnok. Emőke alisafisha vilivyotoka humo, Budapest. Penzi lao lilikaa kwenye simu.

"Leo umenichimbia nini, hazina yangu?"

"Mzee mmoja na farasi wake. Na chungu."

"Kizima?"

"Kama moyo wangu."

"Basi kina ufa. Lete nikigundishe."

Machi, makumbusho ya Vienna yakamwita Emőke kazini, miaka miwili, jibu likitakiwa kabla Jumatatu ya Pasaka haijaisha. Alimweleza Vendel. Vendel akasema, "Hongera," kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Maskini Emőke hakutaka hongera. Alitaka kuambiwa abaki. Basi akajiwekea sharti bila kumwambia mtu: Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo wanaume huwapitia wasichana asubuhi na kuwanyunyizia marashi, Vendel akija na kumwomba, habari za Vienna zimekwisha.

Siku hiyo alivaa gauni jekundu lenye maua mabegani. Yai la kumpa mgeni wake alilipika kwa maganda ya vitunguu hadi likaiva rangi, akalichora farasi kwa ncha ya sindano. Majirani walikuja na vichupa vyao, wakamnyunyizia, wakapewa mayai ya kawaida. Saa tano simu ikalia.

"Mpenzi, sitaweza kuja. Juzi tumefungua kaburi la mwanamume mwenye mkanda kamili, kiuno kizima ni shaba. Na unajua, kaburi likishafunguliwa haliachwi peke yake. Wezi wanapita na mashine zao za kutafutia vyuma ardhini."

"Wenzako wako wapi?"

"Wameenda kwa wasichana wao."

"Vendel, huyo bwana amelala miaka elfu na mia tatu. Mimi nilitaka asubuhi moja tu."

"Samahani, mpenzi."

Emőke akakata simu. Yai lile akalila mwenyewe, kwa chumvi.

Sasa, wanaoshika mila wanajua kwamba Jumanne zamu hugeuka, wanawake ndio huwamwagia wanaume maji. Emőke alipanda treni ya asubuhi, bado ana hasira. Kwenye machimbo alimkuta Terka, mama wa makamo anayechora ramani za makaburi.

"Afadhali umekuja," Terka alisema. "Jana nilimwambia mara mbili: mwanangu, nenda kwa mwenzio, mimi nitalinda. Akakataa, akajikunyata pale shimoni kama kuku mwenye mafua."

Emőke alichota ndoo ya maji pipani.

"Vendel, toka humo."

Alitoka, brashi mkononi. Alipofika mbali na kaburi, Emőke akammwagia ndoo nzima.

"Terka alikuwa tayari kulinda. Kwa nini hukuja?"

Maji yalimchuruzika Vendel usoni, wala hakuyafuta. "Niliogopa. Ningekuja, ningekuomba usiende Vienna. Na wewe ungebaki, halafu siku moja ungenichukia kwa hilo."

"Niombe sasa."

"Usiende, Emőke. Nakupenda. Sitaki uende."

Emőke akaanza kulia, akiwa bado ameshika ndoo. "Jana karibu saa sita usiku nilituma jibu. Nimekubali. Nilikusubiri mpaka saa sita, Vendel."

Vendel alikaa chini, kwenye udongo ule alioutoa mwenyewe. Emőke akakaa karibu naye, gauni na yote.

"Nenda basi," Vendel alisema. "Miaka miwili si mingi. Pasaka ijayo nitakuja huko asubuhi na mapema, nikunyunyizie mbele ya Waaustria wote."

"Pasaka ijayo? Mwanaume wewe husikii. Naondoka mwisho wa mwezi. Twende sasa hivi, ukanisaidie kufunga masanduku."

Vendel alimtazama, kisha akatazama shimo, vipande vya shaba vikimeta kiunoni mwa yule bwana. Akaiweka brashi chini.

Terka alikwishavuta kiti chake hadi ukingoni mwa kaburi, anajimiminia chai.

"Nendeni," alisema. "Mimi na huyu hatuna haraka."