Plagi Nne za Mwalimu Ihsan

Mwalimu Ihsan Zahran alikutwa ameinamia meza ya chakula, shavu juu ya bili ya umeme, penseli bado mkononi. Alikuwa bibi wa miaka sabini na moja. Alikuwa amepigwa kisogoni, pigo moja tu, na mchi wa shaba wa kutwangia vitunguu saumu ulikuwa umesuuzwa na kurudishwa kwenye kinu chake jikoni. Bado ulikuwa na majimaji.

Inspekta Wagdi Sallam wa kituo cha Damanhur alifika saa nane na robo mchana. Ilikuwa Agosti, ghorofa ya tatu, na mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa kuzuia jua. Aliifuta shingo yake kwa leso kabla hata hajamtazama marehemu.

"Nani alimkuta?"

"Jirani, afande. Bi Awatif wa mlango wa pili," alisema Sajini Metwalli. "Na mshukiwa tunaye tayari."

"Upesi hivyo?"

"Msoma mita. Anaitwa Sabri. Saa nne asubuhi jengo zima limesikia wakigombana pale mlangoni. Mwalimu anamwambia, wewe husomi mita, unapiga ramli! Tumemkamata mtaa wa nyuma, anakula maharage."

"Muuaji anakula maharage mtaa wa nyuma?"

"Labda alikuwa na njaa, afande."

Hakuna aliyeshangaa kwamba Mwalimu Ihsan alifia juu ya bili. Mwezi wa Agosti watu wa Damanhur huulizana daraja kabla ya kuulizana hali. Uniti mia tatu na hamsini ndiyo mpaka: ukiuvuka, umepanda daraja, na bei ya umeme inapanda nawe. Mwalimu Ihsan hakuwahi kuuvuka. Alifundisha hesabu miaka thelathini na nne, na alipostaafu, mita ikawa darasa lake. Wengine walimwita mkono wa birika. Wengine walimwendea kwa siri kumwomba awapigie hesabu zao.

Wagdi aliinama mezani. Nyuma ya bili palikuwa na hesabu ya penseli, safi, mistari imenyooka: 288, kujumlisha 120, 408. Chini yake, herufi nne, F, R, P, M, kila moja na tarakimu ya kutoa. Mwisho kabisa, 344, imepigiwa mstari mara mbili.

"Hiyo ndiyo kesi yao," alisema Metwalli. "Uniti."

Wagdi aliinua kichwa. Alikuwa akitazama ukuta. Plagi ya feni ilikuwa nje ya soketi. Ya runinga, nje. Chaja ya simu, nje. Alikwenda jikoni. Ya friji nayo ilikuwa nje, waya umelazwa vizuri juu ya friji.

Bi Awatif alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika kitambaa machoni.

"Ulipoingia, mama, taa ilikuwa inawaka?"

"Hapana, mwanangu. Giza tupu. Niliwasha mimi, ndipo nikamwona." Akalia tena.

"Una hakika?"

"Nilijikwaa na kiti! Nina hakika."

Wagdi aliiandika hiyo. Madirisha yamefungwa, taa imezimwa, na mwanamke wa miaka sabini na moja anaandika tarakimu zilizonyooka. Hata Mwalimu Ihsan hakubana umeme kiasi cha kuandika gizani. Na maiti haizimi taa.

"Uliingia kuchukua nini?"

"Sindano yangu. Insulini. Friji yangu imekufa tangu Ramadhani, Ihsan akaniwekea dawa kwake."

"Kwenye friji hii? Mbona imechomolewa?"

Bi Awatif alishusha kitambaa. "Imechomolewa? Haiwezekani. Zamani ndiyo, alikuwa anaichomoa kila siku, saa sita mpaka saa tisa, eti baridi ya ndani inatosha. Lakini tangu dawa yangu iingie humo, hajaigusa. Aliniapia. Aliniambia, Awatif, ukifa kwa sababu ya friji yangu nitamsumbua nani?"

"Nani mwingine alijua kwamba ameacha kuichomoa?"

"Mimi. Na mwanawe, Hisham, anakuja kila Ijumaa. Yeye ndiye aliyebeba dawa kuileta huku."

"Ana watoto wangapi?"

"Wawili. Hisham, na Nihal aliyeolewa Aleksandria. Huyo haji. Mume wake hapendi."

Wagdi alimwita fundi wa alama za vidole.

"Umepima nini?"

"Mchi, afande. Umefutwa. Kitasa cha mlango, kimefutwa. Bomba la maji, limefutwa."

"Na plagi?"

"Plagi?"

"Zote nne. Na swichi ya taa."

Jioni majibu yalikuwa mezani pake. Swichi ilikuwa na vidole vya Bi Awatif tu, vimefunika vyote. Lakini kwenye plagi zote nne palikuwa na gumba moja na kidole cha shahada, mkono wa kulia, safi kabisa. Si vya marehemu, si vya Bi Awatif, si vya Sabri.

Sabri mwenyewe alikuwa mahabusu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kazi iliyofifia, na hakuacha kuizungusha mikononi.

"Mligombana nini?"

"Niliandika mia tatu na mbili, afande. Kweli nilikadiria. Mita iko juu, goti langu bovu. Akaniletea kiti, akanishikia, nikapanda nikasoma: mia mbili themanini na nane. Nikafuta. Wallahi akanipa na maji ya kunywa."

"Hakuna aliyesikia sehemu hiyo."

"Watu husikia makelele, afande. Nani amewahi kusikia mtu akipewa maji?"

Wagdi alikwenda kwa Kanali na kile alichokuwa nacho. Kanali alikuwa na kiyoyozi na hakupenda mlango uachwe wazi.

"Vidole kwenye plagi," alisema Kanali. "Fundi yeyote. Mgeni yeyote."

"Mgeni hachomoi friji ya mtu, mkubwa."

"Una msoma mita aliyetishiwa kushtakiwa kazini. Kesho saa nne anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Na usiniletee habari ya kuwachukua vidole wafiwa kabla hawajamaliza hata matanga. Niletee sababu kwanza."

"Nikiipata kabla ya saa nne?"

"Utakuwa umeipata. Funga mlango."

Sabri alikuwa na watoto watatu na hakuwa na wakili. Akishafika kwa mwendesha mashtaka na faili lile, asingetoka upesi, na Wagdi aliwajua waliokaa mwaka mzima kwa faili jembamba zaidi. Usiku ule alilala vibaya.

Asubuhi, saa mbili, aliingia ofisini na kumwita Metwalli.

"Funga madirisha. Washa feni. Washa taa. Chomeka birika lako pale karibu na mlango."

"Unataka chai, afande?"

"Hapana."

"Basi birika la nini?"

"Liache tu lichemke. Halafu mlete Hisham."

Hisham alikuwa fundi wa vioo, mpana, macho mekundu kwa kulia.

"Jana saa sita ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nilikuwa naweka kioo kwenye duka la dawa. Mwulize mwenye duka."

"Mama yako aliwafundisha kubana umeme?"

"Kutufundisha?" Hisham alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Tulikuwa kama jeshi. Mimi taa, Nihal plagi. Ukitoka chumbani umesahau, unarudi unaandika hesabu ishirini. Kwangu sasa taa zote zinawaka, makusudi. Mke wangu anasema nina wazimu."

"Friji ilikuwa ikichomolewa saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini aliacha, kwa ajili ya Bi Awatif. Nilimtania, nikamwambia mama, umezeeka, umeanza kuwa na huruma." Akafunika uso wake.

"Pole. Nenda chini ukasaini maelezo."

Hisham aliondoka. Feni ilizunguka, taa iliwaka, birika lilitokota. Wagdi alitazama saa: tatu kasoro dakika kumi.

Nihal aliingia akiwa amevaa nyeusi, mikono mirefu mpaka kwenye viganja, sauti ndogo.

"Mara ya mwisho kufika kwa mama yako?"

"Sikukuu ya mwaka juzi, afande."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Aleksandria. Nyumbani."

"Na mume wako?"

"Kazini."

"Mlikuwa na ugomvi na mama?"

"Mama hakugombana. Mama alipiga hesabu."

"Andika hayo yote, uyasaini. Sajini atakuonyesha."

Nihal alinyanyuka. Alikuwa analia, anatembea bila kutazama mbele. Alipofika mlangoni mkono wake ulikwenda ukutani, ukazima feni, ukazima taa. Kisha akainama na kuchomoa plagi ya birika, akaupanga waya juu ya kifuniko. Mkono wa gauni ulipanda, na juu ya kifundo palikuwa na alama za bluu, vidole vinne vya mtu mwingine. Wagdi alibaki ameketi kizani, faili mbele yake.

"Nihal."

Aligeuka. Alimwona Inspekta gizani. Akatazama swichi, kisha birika, kisha mkono wake mwenyewe.

"Samahani," alisema, akawasha taa. "Mazoea."

"Najua. Rudi uketi."

Fundi wa alama za vidole aliitwa. Kazi yake ilichukua dakika ishirini. Gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia, plagi zote nne.

"Hujafika Damanhur tangu mwaka juzi," alisema Wagdi, "na vidole vyako viko kwenye friji ya mama yako. Ulifuta mchi. Ulifuta kitasa na bomba. Plagi hukuzifuta."

"Sikumbuki kuzigusa."

"Ndiyo maana hukuzifuta. Friji ilikuwa na dawa ya jirani. Mama yako aliacha kuichomoa tangu Ramadhani. Hisham anajua, Bi Awatif anajua. Aliyeichomoa jana hakujua."

Nihal alitazama birika.

"Saa sita inatolewa, saa tisa inarudishwa," alisema mwishowe. "Ilikuwa kazi yangu tangu nina miaka minane."

"Nieleze."

"Tamer, mume wangu, ananipiga. Miaka sita. Juzi alianza na mtoto. Nikampeleka mtoto kwa rafiki yangu, nikapanda basi, nikaja kwa mama. Alikuwa anapiga pasi. Nikamwonyesha mkono. Nikamwambia, mama, nataka kurudi nyumbani."

"Akasema nini?"

"Akachomoa pasi. Akauliza, mtakuwa wangapi?" Nihal alimtazama Inspekta kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza. "Nikasema wawili. Akavuta bili, akachukua penseli. Maji ya mtoto, feni, kufua. Kisha akasema, mia nne na nane, tunavuka daraja. Hakuinua hata kichwa, afande. Ninamwonyesha mkono, na yeye anahesabu uniti."

"Halafu?"

"Nikaenda jikoni kunywa maji. Kinu kilikuwa pale. Niliporudi alikuwa bado anaandika."

"Anaandika nini?"

"Namba. Mama angeandika nini kingine?"

"Ukampiga."

"Nikampiga." Alivuta pumzi. "Nilitaka aache kuandika."

Metwalli, aliyekuwa akinakili, aliweka kalamu chini, kisha akaishika tena. Wagdi alimwagiza mtu ateremke kumfungua Sabri na kumrudishia kofia yake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Chini kulisikika mlango wa chuma, na mtu akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Kilibaki kitu kimoja. Faili huhitaji maelezo ya kila kielelezo, na kielelezo namba mbili, ile bili, hakikuwa na maelezo. Tangu jana Wagdi alikuwa amekichukulia kuwa ugomvi wa mwalimu na msoma mita. Alikitoa kwenye bahasha akakisukuma mezani.

"Hii ndiyo aliyokuwa anaandika. Mpaka mia nne na nane nimekuelewa. Hizi herufi za chini ni nini?"

Nihal aliisoma kama alivyofundishwa, kutoka juu kwenda chini, kidole kikifuata mstari. Kidole kilisimama kwenye F.

"F, kutoa ishirini na mbili," alisema. "Feni. Yangu ameshaihesabu juu, kwenye mia na ishirini, na ya mtoto humo humo. Hii ni..."

"Nyumba ina feni nyingine?"

"Ya chumbani kwake." Kidole kilishuka. "R, kumi na nne. Runinga. Tamthilia yake ya jioni. P, kumi na mbili, pasi. M, kumi na sita, maji ya moto. Anaoga kwa maji ya moto hata Agosti, ana baridi yabisi."

Wagdi aliona vibaya kuwa ameuliza. Angeweza kuandika tu kwamba haijulikani, na hakuna mwendesha mashtaka ambaye angelalamika.

Nihal alikuwa anajumlisha upya, midomo ikichezacheza, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alifika kwenye mia tatu arobaini na nne, uniti sita chini ya mpaka, kwenye ile mistari miwili, akarudi juu, akahesabu tena.

"Kuna kosa?" aliuliza Metwalli taratibu.

"Hapana," alisema Nihal. "Tulikuwa tunaenea."