Mrija wa Mama Haushikwi Ovyo

Kila asubuhi Chiriku alifunga dirisha la chumba cha mama yake, akazima feni na kufuta meza. Waliompa jina hilo la utani hawakukosea, kwani mdomo wake haukupumzika. Lakini mama alipovaa barakoa na kunawa mikono kwa sabuni, hata Chiriku alinyamaza.

Mama yake alikuwa fundi cherehani ambaye figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Hapo awali alikwenda hospitali kila mara kusafishwa damu kwa mashine. Alirudi hoi, akajitupa kitandani na viatu miguuni, sare za wateja zikabaki bila vifungo. Baadaye madaktari walimwekea mrija mdogo tumboni, na muuguzi akamfundisha kujitibu nyumbani. Sasa aliingiza maji ya dawa tumboni, yakakaa yakivuta uchafu, kisha akayatoa na kuweka mengine. Katikati ya hapo alishona, alipika, na alimkemea Chiriku kama kawaida.

Jumamosi moja Baba Mkubwa, dereva wa lori, aliingia chumbani bila hodi. Mama alikuwa ameshafungua kifuniko cha mfuko mpya wa maji ya dawa.

"Ndiyo matibabu haya?" Baba Mkubwa alifoka. "Shemeji, mgonjwa hutibiwa hospitali, si katikati ya vitambaa!"

Akampokonya mama mrija wa mfuko, akaishika ncha yake kwa vidole vyeusi vya grisi.

Mama alisita. Kumkatalia mkubwa wa ukoo kulimwia vigumu. Akanyoosha mkono aupokee, auunge na ule wa tumboni hivyo hivyo.

"Mama, usiunge!" Chiriku alipiga kelele. "Ameshika ncha! Vijidudu vitaingia tumboni!"

"We mtoto! Unanifundisha mimi?"

"Nakufundisha, Baba Mkubwa, kwa sababu anayeumwa ni mama!" Machozi ya hasira yalimtoka. "Siku alizorudi kutoka hospitali hajiwezi, mimi ndiye niliyemvua viatu. Sasa ameamka, wewe unakuja kumlaza tena?"

Baba Mkubwa alinyanyua mkono. Mama akasimama kati yao. "Hapana, shemeji. Mtoto amesema kweli." Akampigia muuguzi simu, sauti ikasikika chumba kizima.

"Tupa mfuko huo, chukua mwingine," muuguzi alisema. "Ungeuunga, ungeweza kuugua vibaya tumboni. Na huyo mzee anawe mikono, avae barakoa, au akae nje!"

Baba Mkubwa alitoka. Walisikia maji yakimwagika bombani kwa muda mrefu. Aliporudi mlangoni, mama alikuwa ameshaingiza dawa, amefunga mrija na kurudi kwenye cherehani.

"Hulali?" aliuliza kwa mshangao.

"Nilale na kazi za watu, shemeji?"

Mzee akajikuna kichwa. "Nilidhani wamekutelekeza huku nyumbani. Kumbe wamekurudishia maisha. Nisameheni, nyote wawili."

Chiriku bado alikuwa amenuna. Mama alimvuta karibu.

"Mwanangu, kesho anza kwa sauti ya chini," alisema. "Lakini asiposikia, paza. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, ila haijawahi kuua kijidudu hata kimoja. Penye hatari, mtoto mwenye adabu ni yule anayesema."