Sindano Tatu za Zizini

"Mabula, nimemtoa mkeo nje makusudi," alisema Dokta Wilbard akifunga mlango. "Hili swali utalijibu peke yako. Kuna mtu anakulazimisha kutoa figo?"

"Hapana, dokta."

"Wakwe? Ndugu? Mkeo mwenyewe?"

"Ketrina hata hajaniomba. Nilisema mwenyewe."

"Sawa. Lakini siku yoyote ukibadilisha mawazo, niambie mimi tu. Nitasema hufai kutoa, basi. Sababu itabaki humu ndani. Mkeo hatajua."

"Sibadilishi, dokta."

"Vizuri. Damu zenu zimeendana. Wiki ijayo urudi tupime jinsi figo zako zinavyofanya kazi, na kila kidudu kilichomo mwilini. Ukiwa na ugonjwa, tukihamisha figo unaweza kwenda nao kwa mkeo. Tukijiridhisha ndipo tunawaandikia safari ya India."

Maneno hayo ya ugonjwa kuhamia kwa Ketrina ndiyo yaliyomwingia Mabula. India hata hakuisikia.

Huyu Mabula alizaliwa na kukulia kwenye mifugo, huko bondeni Momba, chini ya Chitete. Maziwa aliyanywa yakiwa bado ya moto, yametoka kwenye chuchu. Sasa alikuwa na bucha yake Mlowo, lakini alivijua vizuri vile vidudu vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba na mchungaji ashikwe na homa miezi mitatu. Je, kama anavyo? Je, kama ataishia kumwambukiza Ketrina, ambaye figo zake zilishakufa na anaishi kwa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki?

Kwenye basi la kurudi Mlowo, Ketrina alimgeukia.

"Baba Shani, dokta alikuuliza nini kule ndani?"

"Mambo ya kiume."

"Mambo ya kiume kuhusu figo yangu?"

"Bado haijawa yako," alitania Mabula. Ketrina alicheka kidogo, kisha akaangalia dirishani.

Siku tatu Mabula alikata nyama akijikata na vidole. Angempigia dokta, angejibiwa kwa dakika moja. Lakini mwanaume aliyezoea kumshika dume pembe, atamwambia nani kwamba anaogopa vipimo? Basi akafanya kile ambacho mfugaji hufanya mnyama wake akimtia wasiwasi. Alitoa chupa ya dawa ya ng'ombe, akapiga hesabu ya ndama wa kilo themanini, maana yeye mwenyewe alikuwa na sabini na nane, akajichoma pajani nyuma ya bucha. Asubuhi tatu mfululizo.

Msimcheke haraka. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na kwa mapenzi watu wamefanya ya ajabu zaidi.

Alikwenda kupimwa. Siku mbili baadaye simu ikaita akiwa na wateja wanne mbele yake.

"Mabula, majibu yako si mazuri," alisema Dokta Wilbard. "Figo zako zimechoka. Siwezi kuchukua hata moja. Na wewe mwenyewe njoo tukuangalie. Kuna dawa yoyote umetumia karibuni?"

Mabula aliwatazama wateja.

"Hapana, dokta."

Akakata simu. Hapo ndipo akili yake ilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu kitu cha kwanza alichokisikia kifuani ni nafuu. Hatapasuliwa! Papo hapo aibu ikamshika, akataka kulia, akampimia mteja kilo mbili badala ya moja.

Jioni ile alimkuta Ketrina kitandani, miguu imevimba.

"Mama Shani, vipimo havijakubali."

Ketrina alijiinua kwa kiwiko.

"Havijakubali, au wewe ndiye hujakubali?"

"Una maana gani?"

"Marita, yule ninayelala naye jirani kwenye mashine, mumewe naye aliambiwa hafai. Baadaye mume akaropoka kwenye pombe kwamba dokta wake alimpa mlango wa kutokea. Wewe nawe ulipewa?"

Mabula aliinama kuvua viatu.

"Baba Shani, nakuuliza. Ulipewa?"

"Nilipewa. Lakini sikuutumia! Haki ya Mungu sikuutumia."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Angetaja sindano, angeonekana mjinga. Angenyamaza, angeonekana msaliti. Na ile nafuu ya mchana ilikuwa bado inamsuta, kiasi kwamba hata yeye hakuwa na hakika tena. Labda moyoni alikuwa amekataa kweli?

Kesho yake mchana, akiwa buchani, meseji iliingia:

"Nimeenda kwa baba. Keshokutwa nitapandia huku huku basi la kwenda kwenye mashine. Usijilaumu, mwili ni wako. Shani ameshakula, yuko kwa jirani."

Mabula alifunga bucha nyama ikiwa bado inaning'inia, akapanda bodaboda hadi shambani kwa mkwewe, Mzee Abrahamu. Alimkuta mzee kwenye vichanja vya kuanikia, anageuza kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu yuko nyuma kule. Mimi sina la kukuuliza, mkwe. Mwili wa mtu siuombi. Nendeni mkaongee wenyewe."

Ketrina alikuwa amekaa mkekani, anachambua kahawa kwenye ungo.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Sijakasirika. Nimekaa mbali ili usipate shida ya kuniangalia usoni."

"Nilijichoma sindano."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Mikono ya Ketrina ikasimama.

"Unasemaje?"

"Dawa ya ng'ombe. Sindano tatu. Dokta alisema ugonjwa wangu unaweza kuhamia kwako, nami nimekunywa maziwa mabichi tangu utoto. Nikaona bora nisafishe damu kabla hawajaiona."

"Ulijipimia vipi?"

"Kama ndama."

Ketrina alifungua mdomo. Kicheko na kilio vilitoka pamoja, ungo ukapinduka, kahawa ikamwagika mkekani.

"Ndama! Mabula, je, ungekufa? Shani angebaki na nani?"

"Kuna lingine," alisema Mabula. "Dokta aliposema haiwezekani, nilifurahi. Kidogo. Nikajichukia, lakini nilifurahi. Naogopa kisu, Ketrina. Naogopa hata ndege. Naogopa kurudi huku sina figo na sina wewe."

Ketrina alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na mgonjwa ni wewe?"

"Tangu tuanze hivi vipimo unatembea kama unaenda mnadani. Nikajiona naogopa peke yangu. Nikasema huyu ama hanipendi, ama ana siri."

"Sasa unaniamini?"

"Mtu aliyetafuta mlango wa kutokea angeniletea uongo wa maana. Si haya ya ndama." Alinyoosha mkono. "Lete simu."

Alipiga mwenyewe, akaweka spika.

"Dokta, mume wangu alijichoma sindano tatu za dawa ya ng'ombe kabla ya vipimo."

Dokta alipaza sauti:

"Mabula! Unanisikia? Unataka niwalaze wawili?"

"Nisamehe, dokta."

"Kesho asubuhi nikuone hapa. Hiyo dawa ndiyo iliyozichosha figo zako, usiguse nyingine yoyote. Huenda figo zikarudi, huenda zisirudi, siwezi kuahidi. Na hicho kidudu cha maziwa kinapimwa, kikiwepo kinatibiwa kwa vidonge vya watu! Ungeuliza tu."

Walisubiri wiki sita. Ketrina alirudi Mlowo, na kila mmoja alipoogopa alimwambia mwenzake. Kuna siku waliogopa wote kuanzia chai hadi chakula cha mchana, na uji wa Shani ukaungua.

Simu ilipoita, Ketrina ndiye aliyeipokea.

"Mama Shani, majibu ya mumeo yametoka," alisema Dokta Wilbard. "Figo zimerudi. Zote mbili ni nzima. Na ugonjwa wa ng'ombe hana. Mpe simu niongee naye."

Ketrina alimtazama Mabula. Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Hawezi kuongea sasa hivi, dokta," alisema akimshika mkono. "Anaogopa. Tuandikie hiyo safari, tunakuja wote."